Tupeane uzoefu: migahawa ya Mbeya, Tukuyu na Iringa, uliondoka umeshiba au umenuna?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za jioni. Nane Nane inakaribia na mwaka huu nina ugeni kutoka pwani, shangazi yangu na wanawe, wanakuja kuona maonyesho pale viwanja vya John Mwakangale. Shangazi amepiga simu na swali lake la kwanza halihusu maonyesho, ameuliza watakula wapi. Nimekwama kumjibu. Kuna mgahawa kwenye barabara ya Uyole kwenda Tukuyu ambao kila mgeni anaambiwa asiupite. Nimekula pale ndizi nyama ambayo mpaka leo naisifu. Palepale nikaja kukaa na wazazi wangu tukisubiri chakula hadi mama akasema twendeni tukatafute mahindi ya kuchoma.

Inaniuma kwa sababu huku hatuna kisingizio. Ndizi zinatoka Rungwe, viazi Uporoto na Umalila, mchele Kyela na Mbarali, kahawa Mbozi, samaki Ziwa Nyasa, parachichi ndiyo usiseme. Wenzetu wa Dar vitu hivi vinawafikia vimeshalala kwenye lori. Huku mpishi anamtuma kijana sokoni Mwanjelwa na anarudi na mboga bado ina umande. Sasa kwa nini mtu ale vizuri Jumanne, Jumamosi aondoke analalamika?

Majina ya migahawa tuyaache, nia si kumharibia mtu biashara. Semeni mlikula nini, ilikuwaje, na mgeni mngemshauri nini.

Mkazi wa Tukuyu

Ndaga kwa mada. Mimi nakula kwenye mgahawa kama huo unaousema karibu kila wiki kwa sababu ya kazi zangu, na siku ndiyo inayoamua. Katikati ya wiki asubuhi, mvua ya kwetu ikiwa inanyesha, unapewa supu ya moto na chapati hujamaliza hata kukunja mwavuli. Mbalaga wanaipika vizuri, ndizi haijavurugika na nyama imeiva hadi inaachia mfupa. Njoo wikiendi sasa. Watu wameshuka kutoka Ziwa Ngosi, wengine wanatoka Daraja la Mungu, wana njaa na wote wanafika saa nane mchana kwa pamoja. Jiko ni lilelile, wapishi ni walewale. Hapo ndipo unasikia "ndizi zimeisha" wakati nje ya mlango kina mama wanauza mikungu.

Mgeni namshauri afike kabla ya saa sita au avumilie hadi saa kumi.

Mama wa Kyela

Yangu ni ya samaki, na nitaisema yote kwa sababu ilinikera sana.

Tulikuwa Mbeya mjini kumpongeza kijana wetu aliyemaliza chuo. Mgahawa mzuri, vitambaa mezani, watu wamejaa. Kwenye orodha ya vyakula wameandika mbasa wa Ziwa Nyasa. Mume wangu akafurahi, akaagiza kwa ajili ya meza nzima. Alivyoletwa nikamwangalia tu nikajua. Mbasa ni mrefu, amenyooka, ana rangi ya fedha na miiba yake lazima uijue ndiyo umle kwa amani. Yule wa mezani alikuwa mpana, mnene mgongoni. Sato huyo, tena ngozi yake inaonyesha ametoka kwenye friza. Sina ugomvi na sato, ni samaki mtamu. Ila nimekulia ziwani, naagiza samaki wa kwetu kwa bei ya juu halafu naletewa mwingine kwa jina lake?

Nikamwita mhudumu, binti mdogo tu, nikamwuliza taratibu. Akainamisha kichwa, akasema "mama, ngoja nimwite meneja." Meneja alipokuja akasema mbasa hawakupatikana asubuhi ile. Sawa, upepo ukichafuka ziwani wavuvi hawaingii, hilo nalijua kuliko yeye. Si mngetuambia kabla ya kukaanga? Alitupunguzia bei na akaomba radhi kwa heshima, hilo nampa. Lakini sherehe ya mwanangu ilishapoa.

Mwanachuo, Iyunga

Chipsi za Mbeya hazina mpinzani, viazi vyetu vinakuwa vikavu ndani, laini, havinywi mafuta. Tatizo ni mafuta yenyewe. Yakishakuwa meusi hata kiazi cha Uporoto hakikuokoi. Mimi nachungulia karai kwanza.

Mpishi, Mbeya mjini

Naomba niongee kutoka jikoni, maana wengi mnahukumu mkiwa mezani.

Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100 kama Dar. Hata uongeze moto kiasi gani, maji hayapandi zaidi ya hapo. Ndiyo maana maharage yanayoiva mapema pwani hapa yanakula mkaa na bado yanagonga jino. Nyama ngumu vilevile, na kuku wa kienyeji ndiye mkubwa wao. Jiko lililojipanga linaloweka maharage usiku kucha kwenye maji, au lina sufuria la presha, kwa sababu presha ndiyo inayopandisha lile joto. Jiko ambalo halikujipanga linaanza kuchemsha kuku baada ya wewe kuagiza, na hapo sahau habari za nusu saa.

Baridi nayo. Mwezi wa sita na wa saba sahani yenyewe ni ya baridi kama jiwe la mtoni. Ukipakua wali wa moto juu yake, mhudumu akizunguka meza mbili tu umeshapoa, na mteja anasema ameletewa kiporo. Nilipofanya kazi kwa mama mmoja mzee alikuwa anatuamuru sahani zikae karibu na jiko kabla ya kupakua. Haina gharama yoyote, na sijaona migahawa mingi mikubwa ikifanya hivyo.

Sasa lile linaloniumiza mimi. Mhudumu anajua kabisa kuku atachukua saa moja na nusu. Ila amekatazwa kusema, anaambiwa mteja ataondoka. Kwa hiyo anasema "dakika kumi tu, bosi." Zikipita anarudi jikoni kutugombeza sisi, mteja anamgombeza yeye, na mwenye mgahawa yuko kaunta anahesabu. Nimeona mabinti wanalia nyuma ya jiko kwa uongo ambao si wao walioutunga. Mkija kula, msiwatukane hao. Muulizeni mwenye mali.

Mwanzisha mada

Mpishi, Mungu akubariki kwa maelezo haya. Kumbe kinachotuudhi siyo kusubiri peke yake. Mama yangu asingenuna kama tungeambiwa saa moja na nusu. Angeagiza chai ya maziwa na tukapiga stori.

Dereva wa lori, Tunduma

Mimi njia yangu ni Tunduma hadi Dar na kurudi, na mgahawa wenye vitambaa siuingii. Nakula kwa mama lishe, kwa sababu sufuria naliona. Nikifunua nikaona mvuke na mafuta yanaelea, nakaa. Makambako kuna mama anapika wali maharage na mboga za majani, ukifika kabla jua halijawa kali unakuta kila kitu tayari, na bei yake haibadiliki kwa sababu una namba za nje ya mkoa.

Abiria wa mabasi ndio ninaowaonea huruma. Wanashushwa sehemu moja, wanaambiwa dakika kumi, kuku kipande bei ya nusu kuku, na hawana pa kwenda. Hapo shida si mpishi. Ni kwamba mteja hana uhuru wa kuondoka.

Dada wa Soweto, Mbeya

Kuhusu bei, jihadharini na orodha isiyo na bei. Nilikuwa na shemeji yangu wa Arusha, tukaagiza kitimoto. Ilivyo kawaida unachagua kipande, kinapimwa mbele yako kikiwa kibichi, ndipo kinaenda motoni. Pale walituambia tukae tu watatuletea kilo moja na nusu. Ililetwa sahani ambayo mimi, mtoto wa hapahapa, naiona ni kilo moja pungufu. Ndiyo, nyama ikikaangwa inanywea, lakini si kiasi hicho. Nikaomba risiti ya mashine, wakaanza kusema mashine ina hitilafu. Tulilipa tukaondoka, na shemeji mpaka leo anajua Mbeya kwa hiyo sahani. Hilo ndilo linaloniuma, wala si hela.

Simameni kwenye mizani. Mtu mwaminifu hakasiriki ukisimama.

Mwenyeji wa Iringa

Kamweneni. Mimi naleta la heri. Tulifika Iringa mjini na wageni wawili, tukaingia mgahawa mdogo, tukaagiza kuku wa kienyeji wa kuchemsha na ugali. Mhudumu, mama wa makamo, akatuambia wazi: "Wanangu, kuku huyu hajaingia hata sufuriani. Ni saa moja na nusu. Kama mna haraka kuna njegere na wali, viko tayari. Kama mnaweza kusubiri, nendeni kwenye jiwe la Gangilonga mkaangalie mji, mkirudi mtamkuta."

Tukaenda kwenye lile jiwe, wageni wakapiga picha zao, tukateremka na njaa ya kweli. Kuku alikuwa mezani ndani ya hotipoti, mchuzi wake mzito, ugali umefunikwa. Nimekula sehemu nyingi za gharama na hakuna iliyonipa raha ile. Mama yule hakuwa na kitu cha ziada, alikuwa na ukweli tu, na wageni wangu wakamwachia asante ambayo hakuiomba.

Mkazi wa Tukuyu

Mwanzisha mada, wageni wako wanakuja tarehe ngapi? Tarehe 8 yenyewe usijaribu kula karibu na viwanja, Uyole yote inajaa.

Mwanzisha mada

Wanafika tarehe 6. Baada ya kuwasoma nyote nimepiga simu kwenye mgahawa ule wa njia ya Tukuyu na nimeomba kuongea na mwenyewe, siyo kaunta. Nimeagiza kuku wawili wa kienyeji na ndizi za tarehe 7, mezani saa sita na nusu. Nimemwambia asiniambie dakika kumi, aniambie muda halisi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema basi iwe saa saba, kwa sababu kuku wanaletwa asubuhi. Nimemtumia nusu ya hela. Samaki sijaagiza, Mama wa Kyela amenitisha.

Mama wa Kyela

Samaki waje wale huku Kyela. Nitafute ukiwaleta, nitawapeleka Matema wakamwone mbasa akiwa bado kwenye mtumbwi.