Barua pepe za "hongera umeshinda Green Card": tupeane uzoefu, nani ameshajibu na kikatokea nini?

Wakuu, heshima kwenu.

Mdogo wangu amelipa dola 660 kwa ajili ya Green Card, kile kibali cha kuishi Marekani, ambayo haipo. Alijaza fomu ya bahati nasibu ya Marekani pale steshenari, miezi ikapita, kisha ikaja barua pepe yenye nembo ya tai na jina lake kamili: hongera, umechaguliwa, lipa ada ya viza ndani ya siku tano. Ilimwonya asimwambie mtu, naye akanyamaza. Alipolipa, wakataka nyingine ya vipimo vya afya. Ndipo akanipigia, sauti imemkauka.

Serikali ya Marekani haimtumii mtu barua pepe ya kumtangazia kwamba ameshinda. Mwombaji mwenyewe anaingia kwenye tovuti yao na namba ya uthibitisho aliyopata siku ya kujaza, anaangalia jibu lake. Mdogo wangu namba hiyo hakuwa nayo. Ilibaki steshenari.

Barua kama hizi mimi nazipata kila siku na sijawahi kutoa hata senti, nikawa najiuliza wanaokaa kuzituma wanakula nini. Nikasoma. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California walijipenyeza kwenye mtandao wa kompyuta zilizotekwa, ukiitwa Storm, wakafuatilia barua pepe kama milioni 350 za kuuza dawa. Waliofika hatua ya kununua walikuwa 28. Ishirini na nane tu, wakuu! Lakini kompyuta zinazotuma ni za watu, umeme wa watu, bando la watu, kwa hiyo hao wachache wanamtosha tapeli. Sisi tunaofuta hatumpunguzii kitu. Anamtafuta mmoja, na safari hii kampata mdogo wangu.

Leteni yenu. Msione aibu.

mama_kopi_Tanga: Pole sana mwanangu. Mimi nina steshenari, na hili linatuhusu. Msimu wa kujaza ukifika watu wanapanga foleni, wengi hawana barua pepe, basi wenzetu wanatumia anwani moja, ya duka, kwa wateja hata thelathini. Karatasi yenye namba ya uthibitisho haichapwi ili kuokoa wino. Mteja anaondoka mikono mitupu. Siku hizi mimi simruhusu mtu atoke kabla hajapiga picha ukurasa ule kwa simu yake. Asiye na simu namchapia bure.

Kijana_wa_Ilala: Mimi nafuta tu. Anayetapeliwa mara nyingi ni tamaa yake.

Mleta uzi: Hapana ndugu yangu, hapo sikubaliani nawe. Huyu alijaza fomu ya kweli, ya serikali ya kweli, akawa anasubiri jibu. Barua ilimkuta anaingoja. Kungoja siyo tamaa.

Eldoret_mkulima: Poleni. Mimi nilikuwa na tabia ya kuwajibu ili niwapotezee muda. Kuna "mjane" mmoja mwenye urithi wa mamilioni nilimzungusha wiki tatu nzima. Nikaacha nilipoona barua taka zinaongezeka badala ya kupungua. Kumbe ukijibu umemthibitishia kwamba anwani ina mtu. Na kile Kiingereza chao kibovu nilikuwa nakidharau. Mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, aliandika mwaka 2012 kwamba hadithi isiyoaminika ni chujio: wenye shaka wanajitoa mapema, anabaki yule atakayeamini mpaka mwisho. Kutuma ni bure, lakini kuandikiana na kila anayejibu kunamla tapeli muda wake.

fundi_Dodoma: Kwetu kazini ilitoka ndani. Saa nane usiku anwani ya mhasibu wetu ilituma barua kwa kila mtu aliyewahi kuandikiana naye: wateja, shemeji zake, hadi mwenyekiti wa kikoba. Alikuwa na nywila moja kwa kila kitu. Tulibadilisha nywila, tukaweka uthibitisho wa hatua mbili, tukadhani yameisha. Siku ya tatu nikapekua mipangilio ya akaunti yake na kukuta amri iliyofichwa: kila barua yenye neno "malipo" inapelekwa nakala kwenye anwani tusiyoijua. Tafadhali, akaunti ikiingiliwa kagueni hapo pia. Na wewe wa Ilala, usiishie kufuta, ripoti kama barua taka. Chujio linajifunza kutokana na ripoti zetu.

Mzee_Pongwe: Wanangu, mimi barua pepe sina, lakini zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinanifikia. Nazo ni hizi hizi?

fundi_Dodoma: Shikamoo mzee. Ndiyo, mchezo ni uleule. Usijibu; itume 15040, ni namba ya kuripoti ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania.

Minneapolis_baridi: Salaam kutoka huku. Wengi hawajui kwamba Green Card iko kwenye historia ya taka hizi tangu mwanzo. Aprili 1994 wanasheria wawili wa Arizona, mtu na mkewe, Laurence Canter na Martha Siegel, walibandika tangazo lao la bahati nasibu hiyo kwenye maelfu ya makundi ya Usenet, mabaraza ya majadiliano ya mtandaoni ya enzi hizo. Walitaka walipwe ada kwa kujaza ombi ambalo mtu angeweza kujitumia mwenyewe. Watu walikasirika, wakawajibu kwa malalamiko mengi kiasi kwamba mitambo ya kampuni iliyowapa intaneti ilizidiwa, na kampuni ikawakatia huduma. Wao hawakujuta, walijisifu kwamba biashara imelipa.

Mleta uzi: Asanteni wote. Mama wa Tanga, ulichoandika kimenifungua macho. Tumeenda na mdogo wangu steshenari alikojazia, namba imepatikana kwenye daftari la mwenye duka, tumeingia kwenye tovuti yenyewe. Hakuchaguliwa. Alikaa kimya pale kwenye benchi, nami nikakaa naye. Polisi tumefungua jalada, wametaka barua zote zichapwe, nimezipeleka.

Asubuhi hii imemwingia nyingine, mara hii kutoka kwa "ofisi ya kurejesha fedha za waliotapeliwa", ada dola 150. Wanajua kiasi alicholipa na tarehe. Aliyewahi kupata ya aina hiyo aniambie ilikuwaje, maana safari hii alinionyesha kabla hajaijibu.