Mafundi wa taa za darini hapa Amu (Lamu): mlisema 1,500 kwa pointi, bili ya 93,612 imetoka wapi?

Wanajamvi, assalaam aleikum. Nina hasira, na swali langu ni kwa mafundi wa umeme wote wa kisiwa hiki: mkisema "pointi moja bei fulani", ndani ya bei hiyo mna nini? Mimi niliambiwa 1,500 kwa pointi, taa 12, jumla 18,000, kazi yote. Nikatuma nusu kwa M-Pesa, 9,000, na ujumbe ninao kwenye simu. Leo naletewa karatasi ya 93,612.

Nyumba ni ya mama, Mkomani, nyumba ya mawe ya kale. Chumba ni msana wa tini, yaani ukumbi wa chini. Aliyekulia kwenye nyumba hizi anajua huko chini kulivyo: kuta nene za matumbawe, dirisha la nje hakuna, mwanga wote ni ule unaoingia kutoka kiwandani, yaani uani, na ikishapita alasiri giza tayari. Mama hushona kofia humo, wajukuu wakitoka chuoni (madrasa) husomea humo humo. Ndipo tukataka zile taa za kuzama ndani ya dari.

Fundi alikuja, akaangalia juu, akahesabu kwa kidole, akataja bei yake. Aliangalia juu! Na juu kuna boriti. Dari ya boriti haina uwazi ndani: boriti zimelazwa, juu yake mawe, juu ya mawe kokoto na chokaa vimeshindiliwa, na hapo juu ndiyo sakafu ya ghorofa. Taa ya kuzama inataka tundu, tena inataka nafasi nyuma ya tundu ikae draiva, kile kifaa kinachoilisha umeme, na hewa ipite, la sivyo joto linaiua mapema. Nafasi hiyo ingetoka wapi? Hili halihitaji kupima, ni la kutazama tu. Yeye akapanda ngazi na patasi, akachimba matundu mawili kati ya boriti, chokaa ikamwagika kwenye busati la mama, kisha akashuka na kusema, "Hapa haziingii, itabidi tushushe dari ya jipsamu."

Na sasa karatasi. Jipsamu mita 20 za mraba kwa 1,800, ni 36,000. Taa 12 kwa 850 kila moja, 10,200. Waya na paipu 9,500. Usafiri 7,000. Ufundi, pointi 12 kwa 1,500, yaani ile 18,000 iliyokuwa "kazi yote" sasa ni mkono wake peke yake. Hizo ni 80,700. Halafu mwisho kabisa, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) asilimia 16, shilingi 12,912. Gawanyeni wenyewe: kila taa inaniangukia 7,801!

Hiyo VAT ndiyo iliyonikosesha usingizi. Anayetoza VAT sharti awe amesajiliwa, na sharti anipe risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, KRA. Nilipomuomba risiti akasema hiyo ni "ya kitabuni". Kitabu gani? Kama hela hiyo haiendi serikalini basi inaenda mfukoni mwake, na hilo lina jina lake. Nikamuomba pia leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, maana kisheria kazi ya kufunga umeme nyumbani si ya kila mwenye bisibisi. Akanuna.

Msinijibu kwamba Lamu kila kitu ni ghali kwa sababu ya bahari. Najua. Mzigo unashuka Mokowe, unapanda boti, ukifika gatini unangoja hamali. Ubao wa jipsamu ni mita 1.2 kwa 2.4, punda hawezi kupita nao kwenye vichochoro vyetu, utabebwa na watu. Sawa, gharama ipo na mahamali walipwe haki yao. Lakini mbao zenyewe hazijanunuliwa! Zingetakiwa kama 8 hivi, na hakuna aliyezipima uzito wala kuzungumza na nahodha. Hiyo 7,000 imetoka kichwani.

Tena taa 12 za nini? Taa moja ya LED ya wati 12 inatoa karibu lumeni 1,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga). Kwenye mita 20 za mraba, na kuta nyeupe za chokaa, taa 6 zinakupa lumeni 300 kwa kila mita ya mraba, mtu anasoma bila kukunja uso. Lakini fundi anayelipwa kwa pointi atataka pointi nyingi, ndiyo mizani yenyewe ilivyopangwa, na mwenye nyumba hana wa kumuuliza. Laiti angekuwa mkweli angetwambia tufunge taa za kubandika, waya upite pembeni ya boriti, yaishe.

Na hiyo jipsamu, kwa unyevu wa chumba cha chini karibu na bahari? Ubao wa kawaida unanyonya maji, kuna ule wa kijani unaostahimili, na karatasi haisemi ni upi. Boriti zikishafunikwa nani atamuona mchwa? Nani ataona maji yakivuja kutoka juu? Mji huu uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, na nyumba hizi ndizo urithi wenyewe. Haziwezi kufanywa ubao wa kujifunzia patasi.

Mliofungiwa taa za namna hii, iwe Langoni, Shela au hata Malindi, wekeni hapa mlicholipa, kitu kwa kitu: taa, waya, dari, mkono. Tujue bei iko wapi.

Na wewe fundi, najua unasoma hapa. Dari sitaki, pointi sitaki. Rudisha 9,000 yangu, na uje uzibe yale matundu mawili kwa chokaa. Ukija na saruji sikufungulii mlango.