Bati la Bibi na Euro za Zuhura

Kikundi: Wajukuu wa Bibi Mwajuma, Tandika
Jumamosi

[19:52] Shangazi Mwanaidi: Asalam aleykum wanangu. Vuli imeanza na chumba cha Bibi kinavuja palepale pa mwaka jana. Fundi kasema bati 18, misumari na mbao za kuongezea. Nimepanga hivi: Seif laki mbili, mimi laki moja, Mama Zuhura elfu hamsini, Hamisi elfu hamsini, Zuhura laki tano.

[19:58] Hamisi: Waaleykum salaam, shikamoo shangazi. Mimi mwisho wa mwezi inshallah.

[20:03] Mjomba Seif: Zuhura yuko Ujerumani analipwa Euro. Laki tano kwake ni nauli ya daladala. Angeimaliza kazi yote peke yake.

[20:05] Mama Zuhura: Kaka, mtoto ana miezi mitano tu huko.

[20:06] Mjomba Seif: Miezi mitano ya mshahara, dada.

[20:11] Asha: Shikamooni. Na mimi nakaribia kwenda jamani 🙏 Kuna wakala Kariakoo ananitafutia familia hukohuko Ujerumani, nikae nao nilee watoto kama dada Zuhura. Anataka milioni nne, nitangulize mbili wiki ijayo. Naomba mnishike mkono.

[20:15] Shangazi Mwanaidi: Kwanza bati, Asha.

[21:41] Zuhura: Shikamoo mjomba, shikamoo shangazi, shikamoo mama. Nilikuwa nalaza watoto, huku ni saa mbili kasoro. Asha, usitoe hata shilingi. Nakuja kwako sasa hivi.

[21:48] Zuhura: Mjomba, sikuwahi kueleza vizuri, naomba nieleze leo. Huku mimi ni opea, yaani kijana anayekaa na familia akisaidia kulea watoto huku anajifunza lugha. Opea hana mshahara. Anapewa hela ya mfukoni, Euro 280 kwa mwezi, ni kama laki nane za huko. Chumba, chakula na bima ni juu ya familia, na wanachangia Euro 70 kila mwezi kwa shule yangu ya Kijerumani. Kazi haitakiwi kuzidi saa 30 kwa wiki. Kwenye hizo 280, Euro 100 kila mwezi natuma kulipa deni la tiketi ya ndege. Mama alikopa kwenye kikoba.

[21:49] Mama Zuhura: Zuhura, hilo la kikoba si la huku.

[21:50] Zuhura: Samahani mama. Lakini wasipojua watadhani nina roho mbaya.

[21:57] Mjomba Seif: Sikujua habari ya kikoba. Dada ungeniambia.

[22:02] Zuhura: Asha, umefika wapi na Kijerumani?

[22:02] Asha: Bado dada. Wakala kasema nitajifunza nikifika.

[22:06] Zuhura: Basi mdogo wangu, huyo wakala hakutakii mema. Ubalozi unataka cheti cha Kijerumani cha A1, ile ngazi ya kwanza, kabla ya viza. Mimi nilisoma pale Goethe-Institut Upanga, daladala mpaka Kariakoo, halafu kwa mguu na daftari begani. Viza ni Euro 75, unalipa ubalozini mwenyewe. Na wakala wa Ujerumani haruhusiwi kumtoza opea zaidi ya Euro 150. Sasa milioni nne ni za nini? Una miaka 20, mwisho wa kuomba ni kabla hujatimiza 27. Hakuna anayekukimbiza.

[22:08] Asha: Nilishauza simu ili nianze kukusanya. Hii naandikia ni ya mama.

[22:09] Zuhura: Usilie. Hiyo hela ya simu kalipie kozi. Familia tutatafuta pamoja, na utaongea nao kwa video wewe mwenyewe zaidi ya mara moja. Uombe kuongea na opea aliyekuwepo kabla yako, bila wao kuwepo. Uulize chumba chako kina dirisha na kama kinafungwa kwa ndani. Mkataba uusome wote. Pasi yako ya kusafiria inakaa kwenye begi lako, si kwenye kabati la mtu. Na ujue opea ni mwaka mmoja tu, haurudiwi. Mimi ukiisha nataka kusoma uuguzi, na shule nyingi zinataka Kijerumani cha B2, ngazi ya nne, ndiyo maana nakesha na vitabu.

[22:13] Shangazi Mwanaidi: Haya, tumekuelewa mwanangu. Hao watoto wenyewe wanakupenda? Wanakula?

[22:14] Mama Zuhura: Na wewe unakula? Kwenye video umekonda.

[22:21] Zuhura: Nakula mama. Ila jioni hakuna chungu jikoni kabisa. Ni mkate, jibini na tango. Wiki ya kwanza nilikaa mezani nasubiri chakula, kumbe ndicho kilikuwa kile. Kingine kilichonishinda ni majina. Baba na mama wa nyumba wanataka niwaite kwa majina yao, kama ninavyomwita Hamisi. Wiki mbili nilikuwa nakwepa. Nikiwahitaji napanda ngazi mpaka walipo, nasimama mlangoni, ili nisiite. Watoto nao wanamwita mwalimu wao kwa jina.

[22:23] Zuhura: Na giza. Saa kumi na moja jioni jua limeshazama, baridi, mvua, na watoto wanatolewa nje hivyohivyo. Juzi tarehe 11 Novemba hapa mjini Köln watoto walitoka na taa za karatasi walizotengeneza wenyewe, wakatembea nyuma ya mtu aliyepanda farasi, wanaimba. Nikamshika mkono Lina, mmoja wa watoto ninaowalea, nikakumbuka sisi na ngoma za daku pale Tandika. Nililia kidogo, akaniuliza kwa nini, nikasema ni baridi.

[22:25] Hamisi: 😢 Dada.

[22:34] Zuhura: Shangazi umeuliza kama wananipenda. Nadhani sasa ndiyo. Lakini nawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwezi wangu wa pili huku, mwenzake Lina, Jonas wa miaka mitano, alinitemea mate usoni kwa sababu nilizima katuni. Mkono wangu ulikwenda juu wenyewe. Huku tangu mwaka 2000 sheria inasema mtoto ana haki ya kulelewa bila kupigwa, hata na mzazi wake, na mimi nilikuwa naijua. Mkono ulikwenda juu vilevile.

[22:36] Zuhura: Na yule mtoto hakujikunyata. Aliutazama tu mkono, hajui unakuja kufanya nini.

[22:37] Shangazi Mwanaidi: Ukampiga?

[22:40] Zuhura: Hapana. Niliishiwa nguvu nikakaa sakafuni. Nikamwambia kwa Kijerumani changu kibovu kwamba ameniumiza. Alinuna, baadaye akaleta taulo la jikoni akanifuta. Jioni nikamweleza mama yake yote, hata habari ya mkono. Nilishapanga begi, nikijua narudishwa. Alikaa kimya muda mrefu, akasema asante kwa kuniambia. Tukakubaliana nikichemka niende jikoni, ninywe maji, nihesabu mpaka 20 kwa Kiswahili.

[22:43] Shangazi Mwanaidi: Sisi tuliwachapa wote mwanangu, na mmekuwa watu.

[22:47] Zuhura: Ndiyo shangazi, na mlijinyima usingizi kwa ajili yetu, sijasahau. Ila usiku ule nilikumbuka nilivyokuwa nikijikunyata mtu akinyanyua mkono hata kuwasha taa.

[22:49] Mama Zuhura: Ujumbe huu umefutwa.

[22:50] Zuhura: Nimeuona mama kabla hujafuta.

[22:50] Zuhura: Ile sahani hata mimi nilishaisahau. Kesho Jumapili niko huru, nitapiga.

[22:55] Hamisi: Bibi nimemsomea yote, kakataa kulala mpaka tumalize. Anasema Zuhura atoe elfu hamsini kama mimi, na asikae peku kwenye baridi. Anauliza huyo Jonas hajambo.

[22:58] Zuhura: Mwambie hajambo, amelala. Nitaleta laki moja Bibi, hiyo ninayo.

[23:01] Mjomba Seif: Laki nne zilizobaki naziongeza mimi kwenye mbili zangu, nimpe fundi Jumatano. Asha, kesho mchana nitakupitia, twende wote kwa huyo wakala ukamwambie umeghairi. Usiende peke yako.

[23:02] Asha: Asante mjomba. Asante dada.

[23:06] Mama Zuhura: Piga saa nne, nitakuwa nimemaliza kuanika nguo. Nataka tuongee wawili tu.