English medium ya mbali au Kayumba ya jirani, kipi kinamsaidia zaidi mtoto wa darasa la kwanza?

BabaKivule
Wadau habari za jioni. Naombeni mawazo hasa nyie mlioshapitia hii kitu. Binti yangu Januari anaanza la kwanza, tunakaa Kivule, Dar. Njia ya kwanza ni english medium iko Tabata, ada ukijumlisha na basi inapita milioni mbili kwa mwaka, basi linampitia saa kumi na moja na robo alfajiri na kumrudisha kwenye saa kumi na moja jioni. Ya pili ni Kayumba, yaani shule ya serikali, dakika kumi kwa mguu toka nyumbani, ada hakuna kama mnavyojua, ila darasa limejaa watoto mia na kitu, hela itakayobaki nanunua vitabu, tuisheni na msosi wa maana. Wife yuko upande wa Tabata, mi moyo unanivuta hapa jirani ila naogopa nisije nikamuonea mtoto. Bweni sijaliweka, na hata ningetaka serikali ilishakataza toka Machi 2023 watoto wa awali mpaka la nne kulala shule.

MamaWatatu
Kaka mimi wangu wa kwanza alipanda hilo basi la alfajiri. Usingizi wa mtoto wa miaka sita sio kitu cha kuchezea jamani, akifika nyumbani kala tu basi, anasinzia penseli ipo mkononi, kitabu cha hadithi kinafunguliwa Jumamosi kwa Jumamosi. Nilipomhamishia shule ya karibu (nayo ni english medium ila ya bei nafuu, majengo ya kawaida tu) mtoto alichangamka ndani ya muhula mmoja, akawa ananiuliza maswali mpaka nachoka. Kwa hiyo mimi kabla ya lugha naangalia anaamka saa ngapi.

Tandika_Kwetu
Mkuu mpeleke Tabata, usiyumbe. Mi nimesoma Kayumba mwanzo mwisho, la saba nilifaulu vizuri tu, nafika form one kila somo Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe, biolojia Kiingereza, historia Kiingereza, mwalimu anauliza swali jibu ninalo kichwani ila mdomo hautoki. Tulibaki tunakariri notsi kama zilivyo. Wenzetu waliotoka english medium walikuwa wananyoosha mikono sisi tunatazamana. Hiyo hali inamvunja mtoto moyo, na wengi pale ndo walipokatia tamaa. Mpaka sekondari nayo ibadilike, mzazi mwenye uwezo asimuache mwanae apite kule.

MwlChaki
Tandika, unachosema ni kweli na kinaniuma, nakiona kila mwaka. Ila nafundisha la kwanza serikalini, niseme na upande wa pili. Mtoto akishajua kusoma kweli kwa lugha anayoiota, kupokea lugha ya pili kunakuwa rahisi, na mtaala ulioanza 2024 Kiingereza kipo toka la kwanza kama somo. Hatari kubwa ni yule asiyejua kusoma na hakuna anayejua kwamba hajui. Darasa la mia na ishirini, mimi nasahihisha madaftari huku nimesimama, aliyekaa nyuma kabisa ananakili ubaoni herufi nzuri, anapata vema zake, mzazi anafurahi. Mwambie asome, anakutiririshia ukurasa mzima bila kukosea. Sasa funika picha kwa kiganja, au mpe kitabu ambacho hajawahi kukiona, ananyamaza. Alikariri. Na huyo yupo english medium pia, tena huko anagundulika kwa kuchelewa maana mzazi anasikia kingereza anadhani mambo safi.

BabaKivule, kama mko nyumbani jioni na kuna mtu wa kukaa nae dakika ishirini kila siku anamsikiliza akisoma, hapo jirani panamtosha. Kama wote mnarudi saa tatu usiku, basi darasa la watoto thelathini lina maana kubwa sana kwenu.

Dodoma_Data
Niongezee kidogo kwenye suala la hela. Shirika la Twaweza walifanya jaribio la elimu liitwalo KiuFunza 2013 na 2014, shule 350 kwenye wilaya 10. Kuna shule walipewa ruzuku ya ziada, sh. 10,000 kwa kila mwanafunzi, vitabu na chaki vikanunuliwa, lakini kiwango cha watoto kujua kusoma na kuhesabu hakikupanda. Shule zilizopata ruzuku pamoja na bonasi kwa mwalimu kwa kila mtoto aliyefaulu, hapo matokeo yakapanda. Kwa hiyo mkuu kununua vitabu peke yake usitegemee sana, angalia nani atahakikisha vinasomwa.

PwaniKenya
Hata huku kwetu Kenya, kule Busia, walijaribu kugawa dawa za minyoo shuleni miaka ya mwisho ya 90, watoto kukosa shule kukapungua kama robo, lakini alama za mtihani hazikupanda. Afya humfikisha mtoto darasani, akishafika bado atamhitaji mwalimu. Hiyo pesa ya chakula usiiondoe lakini, mtoto mwenye njaa hasikii kitu.

BabaKivule
Aiseee asanteni sana, nimemsomea wife uzi wote. Yeye anarudi saa kumi jioni so mtu wa kukaa nae yupo. Mwalimu, tuisheni ya mtaani vipi, kuna moja hapa watoto wanajazana kwenye baraza?

MwlChaki
Hiyo ya baraza hapana ndugu yangu, unamtoa kwenye msongamano mmoja unampeleka mwingine. Tafuta mwalimu mstaafu hapo mtaani, siku tatu kwa wiki, watoto wasizidi wanne, na mwambie kabisa hutaki mazoezi ya mtihani unataka asome na aelewe. Halafu nenda shule zote mbili siku ya kawaida, sio siku ya wazazi, omba uangalie madaftari ya la pili, hasa yale ya watoto wanaokaa nyuma. Na kile Kiingereza alichosema Tandika anza nae mapema, hadithi fupi fupi, ukisubiri mpaka amalize msingi mtakuwa mmechelewa.

MamaWatatu
Na mlaze saa mbili usiku 🙏