Tupeane uzoefu: staili mpya ya kulenga inaweza kuuza gemu la bunduki?

Mwenye Kibanda wa Tabata (mleta mada)

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo zangu habari zenu.

Nina kibanda cha gemu Tabata, PS4 nne, huu ni mwaka wa saba. Mtoto wa dada yangu anasoma kompyuta pale Mlimani. Yeye na wenzake wawili wanatengeneza gemu la bunduki la kuchezea kwenye konso, na jambo lao kubwa ni kulenga. Unainamisha pedi yenyewe kama unavyoinamisha simu, na ukitaka kugeuka nyuma unakisukuma kijiti cha kulia upande unaoutaka, mara moja tu, umeshageuka. Kijana anaamini hiyo ndiyo itakayouza.

Mimi kila siku naona jambo moja kibandani. Mteja mgeni akiweka gemu la bunduki, dakika mbili za kwanza anaangalia mawingu au miguu yake mwenyewe. Anauawa, anauawa tena, anaweka pedi chini na kuomba gemu la mpira. Mia tano yake imekwenda na kwenye bunduki harudi. Kwa hiyo nashawishika kwamba kijana ameshika mahali panapouma. Ila sasa anataka kuacha muhula mmoja ili amalizie gemu, na mama yake ameniuliza mimi, mjomba mtu, nisemeje.

Tupeane uzoefu. Pedi gani, bunduki gani, staili gani ya kulenga ilikufanya ulipende gemu la vita au ulikimbie?

TV ya Kichogo

Umenikumbusha mbali, mkuu. Bunduki ya bata! Buguruni, miaka ya tisini mwishoni, TV gemu ya kaseti za njano. Mtaa mzima ulikuwa sebuleni kwetu na hakuna aliyefundishwa. Unashika, unaelekeza, unafyatua. Marehemu bibi yangu hakuwahi kugusa kitufe chochote zaidi ya redio, lakini alimpiga bata, akashangilia mpaka kitenge kikamwanguka.

Lile gemu, Duck Hunt, lilitoka Japani 1984. Ukifyatua, skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, halafu kisanduku cheupe kinatokea pale alipo bata. Jicho lililo ndani ya mdomo wa bunduki likiuona ule weupe, umepata. Ndiyo maana kwenye flati skrini haipigi, kwa sababu picha inachelewa na bunduki imeshamaliza kuangalia. Hilo nililijua kwa machungu. Nilinunua mashine kama ile Kariakoo kwa ajili ya wanangu, muuzaji akanihakikishia inakubali TV zote. Hatukupata bata hata mmoja, mwanangu wa mwisho akalala analia.

Mwambie kijana staili nzuri ni ile isiyohitaji somo. Na asiitegemeze kwenye kifaa ambacho kesho hakipo.

Binti wa Manzese

Sisi tulikuwa tunaielekeza kwenye glopu ya taa, tunapata bata wote!

TV ya Kichogo

Dada, huo ulikuwa wizi. Halafu bunduki ya asili haikubali taa ya nyumbani, ilitengenezwa izikatae. Ni zile za kuiga tu.

Binti wa Manzese

Kaka, Manzese nzima nani alikuwa na ya asili? Bata tulipata, na ubingwa wangu siurudishi.

Fundi Pedi Mwenge

Naomba niingie hapa, maana pedi ndizo zinazonilisha.

Kijana asijidanganye kwamba staili peke yake inauza. Kulenga tunakokuona leo kama kawaida, kijiti cha kushoto utembee na cha kulia uangalie, kulikuwepo kwenye Alien Resurrection ya PlayStation ya kwanza mwaka 2000. Ilipokelewaje? Kuna mhakiki aliyelalamika kwamba vile vijiti viwili vinatisha kuliko madude ya kwenye gemu. Haikutikisa soko. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2001, gemu la Halo likaja na mashine ya Xbox na vijiti vilevile viwili, ikauza mamilioni na kila mtu akaiga.

Tofauti ilikuwa nini? Halo ilimsaidia mchezaji bila kumwambia. Ukikaribia kumlenga adui, mshale unapunguza kasi wenyewe, unang'ang'ania kidogo. Bomu lina kitufe chake, kupiga kwa kitako cha bunduki kuna kitufe chake, huhitaji kubadilisha silaha katikati ya kifo. Na ukijificha kidogo ngao inarudi, kwa hiyo hata anayekosea anapata nafasi ya kujifunza. Mkono wa mgeni ulishikwa kila upande. Lile gemu la 2000 lilikupa vijiti halafu likakutupa kwenye giza.

Jambo jingine, mjomba, ile ya kusukuma kijiti ukageuka si mpya. Fortnite wameiweka tangu 2022, pamoja na kuinamisha pedi. Wengi wanaoicheza hawajui hata kama ipo kwenye mipangilio.

Mpwa wa Baharia

Naunga mkono. Mjomba wangu alikuwa baharia, alituletea Nintendo 64 na GoldenEye 007 ya 1997. Pedi yenyewe ina mikono mitatu kama mdudu, kijiti kimoja tu, kulenga kunaudhi. Na gemu liliuza zaidi ya milioni 8! Sisi pale Magomeni tulilipenda kwa sababu watu wanne mnakaa kwenye TV moja, mnaonana usoni, mnagombana. Mezani palikuwa na sahani moja ya wali na pedi nne. Kulikuwa hata na staili ya mtu mmoja kushika pedi mbili, moja kila mkono. Hakuna aliyeitaka. Kucheza watu wengi pamoja ndiko kulikouza lile gemu.

Mzee wa Mbagala

Nimesoma hapa nimekaa kimya muda mrefu. Jambo hili sijawahi kuliandika, lakini kijana wako anastahili kulisikia.

Mwaka 2011 nilikuwa na kibanda Mbagala Rangi Tatu. Jamaa alikuwa anahama nchi, akaniuzia Wii, mashine ya gemu unayochezea kwa kuelekeza rimoti kwenye TV, na rimoti zake, na vile vibunduki vya plastiki vya kuvalisha rimoti. Nilifungua Idi Mosi, Idi ndogo. Sijawahi kuona watu namna ile. Watoto walipanga foleni mpaka kwa muuza mihogo. Wazazi waliokuja kuwachukua nao wakashika. Siku tatu za Idi nilipata kuliko mwezi mzima wa mpira. Kwa hiyo msiniambie staili mpya haiuzi, mimi niliishika hela yake mkononi.

Lakini wiki ya nne foleni haikuwepo. Watoto waliniambia, mzee, mkono unauma. Mchana jua likiingia mlangoni, mshale unarukaruka kwenye skrini wanakasirika. Wakarudi kwenye mpira mmoja mmoja. Mashine ikakaa bila kuwashwa, na panya wakala waya wa ule upau mdogo unaowekwa juu ya TV.

Idi Kubwa ikafika. Nilitaka ile foleni irudi. Mteja mmoja akanieleza kwamba upau ule hautumi chochote, ni taa tu za infraredi pande mbili, rimoti ndiyo yenye jicho. Akasema mishumaa miwili inatosha. Nikaweka mishumaa miwili juu ya TV, nikaitenganisha kama shubiri moja. Wallahi, ikafanya kazi. Watoto walipiga makofi wakadhani ni uganga.

Nilikuwa nje natafuta chenji. Nikasikia kelele, nikadhani ni za furaha. Pazia la kanga nililotundika kuzuia jua lilikuwa limeshika moto. Watoto walitoka mbio, mimi nikaingia, fundi cherehani wa jirani akaja na ndoo ya mchanga. Moto tuliumaliza upesi, lakini moshi ulikuwa mzito huoni mkono wako. Nikatoka nihesabu watoto. Kumi. Nikaangalia kandambili mlangoni. Jozi 11.

Rimoti zote nilikuwa nimezifunga kamba kwenye mguu wa benchi ili zisiibwe. Na ule mkanda wa mkononi nilikuwa nawakazia mwenyewe, kila mtoto, wasije wakairusha rimoti kwenye TV yangu. Mtoto wa miaka saba alikuwa chini ya benchi, mkono umekazwa kwenye rimoti, rimoti imefungwa kwenye benchi. Hakulia. Alikuwa ananiangalia tu. Niliukata mkanda kwa wembe wa fundi.

Kibanda sikukifungua tena.

Binti wa Manzese

Mungu wangu. Mtoto alipona? Mzee tafadhali tuambie.

Kijana wa Sinza

Pole sana mzee. Lakini mishumaa kuendesha gemu, hapo kidogo nina shaka.

Fundi Pedi Mwenge

Mdogo wangu, huna sababu ya shaka. Mshumaa unatoa mwanga unaouona na miale ya infraredi usiyoiona, na jicho la rimoti ya Wii linatafuta nukta mbili za hiyo miale. Ndiyo maana na jua lilimsumbua. Mzee amesema kweli tupu. Ila jamani, yeyote anayesoma hapa asijaribu.

Kijana wa Sinza

Nimeelewa, fundi. Mzee, nakuomba radhi.

Mama Pacha Kigamboni

Bado tunasubiri habari ya mtoto. Mimi mwenzenu mikono inatetemeka.

Nikiwa nasubiri, nimjibu mleta mada. Pacha wangu wana Switch, mashine ya Nintendo, wanacheza Splatoon, ile ya kurushiana wino. Unalenga kwa kuinamisha pedi, hivyo hivyo anavyotaka kijana. Ya kwanza ilitoka 2015 kwenye Wii U, mashine iliyouza kama milioni 13 na nusu tu, na gemu likauza karibu milioni 5. Ina maana zaidi ya theluthi moja ya wenye mashine walilinunua. Lakini nimewaangalia wanangu kwa makini. Yule Kulwa analenga vizuri, Doto hajui kulenga hata kidogo, na wote wanafurahi. Kwa nini? Ushindi unahesabiwa kwa sakafu mliyoipaka rangi. Doto anapaka sakafu, anaisaidia timu, hakuna anayemdharau. Kwa maoni yangu kuinamisha pedi kulifaa kwa sababu kukosea hakukugharimu. Muulize kijana, kwenye gemu lake anayekosa risasi anapata nini?

Kijana wa Sinza

Aiweke kama hiari. Anayetaka kuinamisha ainamishe, anayetaka kijiti atumie kijiti.

TV ya Kichogo

Akiiweka hiari wataizima wote siku ya kwanza, na gemu lake halina kingine. Asiweke hiari!

Mpwa wa Baharia

Asome kwanza. Gemu halikimbii.

Kijana wa Sinza

Linakimbia kaka, wenzake wawili hawatamsubiri. Mimi nina PS5, vifyatulio vyake vinakaza kidole kulingana na bunduki. Nikicheza hadithi naviacha, nikiingia mechi za mtandaoni nazima, sehemu ya sekunde ni uhai. Lakini nilipokuwa dukani ni kile kidole kukaza kilichonifanya nitoe hela. Kununua na kutumia ni mambo mawili.

Fundi Pedi Mwenge

Hapo umenena kitu kikubwa.

Mzee wa Mbagala

Samahanini, nilikwenda swala. Mtoto alipona. Alikaa na kikohozi wiki mbili, nilimpeleka hospitali mwenyewe na mama yake alinisamehe. Sasa ni fundi pikipiki. Kila Idi anakuja kunisalimia, na mwaka huu alikuja na mchumba.

Binti wa Manzese

Alhamdulillah.

Mama Pacha Kigamboni

Nimelia hapa jikoni. Asante mzee.

Mwenye Kibanda wa Tabata (mleta mada)

Wakuu, nimewasoma wote. Jana Jumamosi nilimwita kijana aje na gemu lake kibandani. Kwanza kabisa nimeondoa kamba zote nilizokuwa nimefungia pedi. Mzee wa Mbagala, sikulala usiku ule.

Nikamkalisha mama anayeuza vitumbua mbele ya kibanda, hajawahi kushika pedi. Kwa kijiti alitazama mawingu kama wageni wote. Kijana akabadilisha, akamwambia mama inamisha tu. Hakumaliza hata dakika moja, akapiga, akasema kumbe! Akacheza robo saa, vitumbua vikaungua. Halafu nikawakalisha vijana wangu watatu wa kila siku. Wote watatu, bila kushauriana, waliuliza jambo la kwanza: hii inazimwa wapi?

Nilimsomea alichoandika Mama Pacha kuhusu anayekosa risasi anapata nini. Alinyamaza, akatoa daftari, akaandika muda mrefu. Jioni amempigia mama yake kwamba mitihani atafanya. Wenzake wamekubali kumsubiri hadi likizo, ila wamemtaka afanye upya kanuni za ushindi.

Jumamosi ijayo anakuja tena saa tisa. Fundi wa Mwenge, nakuomba ufike uitazame ile pedi kwa macho yako. Na Mama Pacha, kama utaweza kuvuka na kivuko, njoo na Doto.