Tupeane uzoefu: makosa ya webusaiti yaliyotukimbizia wateja hapa Mwanza

Mleta uzi, Kirumba

Wakuu habari za majukumu. Naomba tukae hapa tupeane uzoefu maana naona wengi tunaingia gharama alafu tunaumia kimya kimya.

Mimi nauza dagaa pale sokoni Mwaloni. Mwaka jana nikajikusanya nikatengenezewa webusaiti, siku ya kukabidhiwa tukakaa ofisini kwa fundi tukaifungua kwenye laptop yake, intaneti ya ofisini iko vizuri, ikafunguka fasta, dagaa wanang'aa kama wametoka kuanuliwa sasa hivi, nikalipa nikashukuru nikaondoka. Miezi mitatu sikupata oda hata moja iliyopitia pale. Ikabidi nimpigie mteja wangu wa Lubumbashi ambaye miaka yote tunafanya biashara kwa simu, nikamuuliza kaka ile linki uliifungua kweli? Akaniambia dada niliifungua ikawa inazunguka tu, nikaona inanimalizia bando nikaachana nayo.

Kuja kuangalia na kijana wa jirani anayejua haya mambo, ukurasa wa mwanzo una picha nane na zote zimewekwa vile vile zilivyotoka kwenye kamera, kila moja kama MB 5. Hapo ni MB 40 mtu anachoma kabla hajaona hata namba yangu! Tulizipunguza upana zikawa pikseli 1200 tukazihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lisilo zito, kila moja ikashuka mpaka kama KB 150, yaani zote nane kwa pamoja hazifiki hata MB 1 na nusu, na kwa macho ya kwenye simu huoni tofauti yoyote. Kazi ya nusu saa tu, na mimi nimepoteza miezi mitatu.

Na kingine kilichoniuma, maneno yote yalikuwa Kiingereza. Wanunuzi wangu wanatoka Kongo, Burundi, Kahama, Tabora, na wote tunaongea Kiswahili. Sijui kwanini nilikubali lile jambo, nilihisi ndo inavyotakiwa. Haya na nyie leteni yenu.

Mdau, Capripoint

Pole sana dada. Ya kwangu ni nyumba ya wageni. Namba ya simu ilikuwepo tena kubwa kabisa juu ya ukurasa, kumbe dizaina kaiandika ndani ya picha. Sasa mtu anashuka melini asubuhi ametoka Bukoba, ana begi mkono mmoja simu mkono mwingine, anagusa namba haipigi, anataka kukopi haikopiki, itabidi atafute karatasi aandike, nani ana huo mda? Anachukua bodaboda inampeleka anakojua dereva. Namba inatakiwa iandikwe kama maandishi na iwekewe linki ya kupiga, mtu akigusa simu inaita, na ianze na +255 maana wageni wa Kisumu wakipiga ile ya kuanzia sifuri haitoki. Ile picha pia hata Google walikuwa hawaisomi vizuri, mtu akitafuta vyumba karibu na bandari sisi hatuonekani.

Zile slaidi zinazojibadilisha zenyewe nilizitoa pia. Mtu kabla hajamaliza kusoma bei ya chumba imeshapita.

Fundi, Nyegezi

Naongea kama mtengenezaji, na mengine hapa nimeyafanya mwenyewe kwa wateja walioniamini kwahiyo acha niyaseme wazi ili wadogo zangu wanaoanza wasirudie.

Kazi yangu ya kwanza nilisahau mstari mmoja kwenye kodi (yale maandishi ya kutengenezea ukurasa), ule wa viewport unaoiambia simu itumie upana wake halisi. Ukikosekana simu inajifanya ina skrini pana ya kompyuta, kwa nyingi ni kama pikseli 980, alafu inabana kila kitu kiingie, maandishi yanakuwa kama punje za ulezi. Mimi nilikuwa napima kwa kuivuta tu dirisha la kompyuta nalifanya jembamba, naona sawa, nakabidhi. Kumbe kipimo cha kweli ni simu yenyewe, tena sio simu yako nzuri, chukua simu ya bei ya chini ya mtu wa kawaida, zima waifai, washa data, fungua ukurasa ukiwa umesimama stendi.

Ya pili ni rangi. Nilipenda kijivu hafifu juu ya weupe, ndani ya chumba inapendeza kweli. Mteja wangu anauza nyavu na injini za boti, wateja wake wako ufukweni jua la saa nane, hawaoni kitu. Kuna miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zisomeke na kila mtu inaitwa WCAG, inataka mwanga wa maandishi ya kawaida utofautiane na wa rangi ya nyuma yake kwa angalau 4.5 kwa 1, na kuna vifaa vya bure mtandaoni unaweka rangi mbili vinakupa jibu hapo hapo. Siku hizi sikabidhi kazi bila kupima.

Alafu wakuu, ile HTTPS, inayofunga mawasiliano kati ya simu ya mteja na tovuti yako mtu wa kati asiyasome. Tangu 2018 Chrome inamwandikia mtu kwamba tovuti isiyo nayo sio salama. Cheti chake kinapatikana bure kupitia huduma ya Let's Encrypt, na kampuni nyingi za hostingi, zile zinazotunza tovuti yako mtandaoni, wanakuwekea wenyewe, kwahiyo fundi akikutoza hela nyingi kwa hilo peke yake muulize vizuri analipia nini.

Mdau, Sengerema

Mie fupi tu. Domeini, yaani lile jina la tovuti yangu, ilisajiliwa kwa jina la fundi na imeli ya fundi. Fundi akahama, namba haipatikani, mwaka ukaisha, hakuna wa kulipia, ikazima. Jina nililoandika kwenye mabango na kwenye gari halikuwa langu. Sajilini kwa majina yenu na imeli zenu, pasiwedi za domeini na hostingi muwe nazo wenyewe kabla ya kumalizia malipo.

Mwalimu, Igoma

Shuleni kwetu palikuwa na fomu ya mzazi kutuma maulizo. Wazazi wakawa wanakuja wamekasirika, tumewaandikia hamjibu. Sisi tunashangaa, hatujaona kitu. Meseji zote zilikuwa zinaenda kwenye imeli ya mtu aliyeshaacha kazi. Muhula mzima, na wengine walikuwa wanaulizia nafasi za kidato cha kwanza, watoto wakapelekwa kwingine. Sasa hivi kila Jumatatu natuma fomu moja mwenyewe naona kama inafika.

Na jamani msiweke orodha ya wanafunzi yenye majina na namba za wazazi ikawa wazi kwa kila mtu. Kwetu iliwekwa kwa nia njema kabisa mzazi aone mtoto kapata nafasi, lakini tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mbali na sheria ni watoto wa watu. Niliomba itolewe siku ile ile.

Mdau, Nansio

Mimi nina ualbino, macho yangu yana uoni hafifu, nasoma simu kwa kukuza maandishi kwa vidole viwili. Kuna tovuti nyingi zimezuia kukuza. Unavuta, unavuta, ukurasa umekaa pale pale kama jiwe. Nilikuwa sijui kama ni mtu ameamua kuandika hivyo, nilidhani simu yangu mbovu nikaipeleka kwa fundi mara mbili nikalipa. Hapa Ukerewe hatuko wachache. Na tuna wenzetu wasioona kabisa wanatumia sauti ya kwenye simu inayowasomea, ikifika kwenye picha isiyo na maelezo inasema picha tu, basi. Ukiweka tangazo lako lote kama bango la picha huyo hujamwambia kitu. Andikeni maelezo mafupi ya kila picha kule kwenye kodi, hayaonekani kwa wengine lakini sisi yanatusaidia sana.

Dada wa dagaa, yako nimeifungua sasa hivi. Nayo haikuzi.

Fundi, Nyegezi

Kaka nisamehe, hilo la kuzuia kukuza nimeliweka kwenye kazi zangu kama nne, nilifundishwa linafanya ukurasa utulie. Dada, kwenye ule mstari wa viewport angalieni palipoandikwa user-scalable=no mpafute, na kama kuna maximum-scale nayo iondoke. Mimi usiku huu naanza kurudi kwa wateja wangu mmoja mmoja.

Mleta uzi, Kirumba

Kaka wa Nansio nakushukuru sana, na pole kwa hela uliyotoa bure. Kijana kaifuta hiyo sehemu sasa hivi nikiwa namsimamia. Jaribu tena uniambie.

Mdau, Nansio

Nimefungua, sasa inakuza vizuri. Namba nimeiona. Bei ya gunia sijaiona popote.