Kachumbari ya embe inajaa maji, nifanyeje?

Habari zenu wapendwa. Niko Kisumu na Jumamosi nina wageni, nitawakaangia samaki, ngege. Nataka kuwawekea kachumbari ya embe na nanasi badala ya ile ya nyanya waliyoizoea.

Juzi nilijaribu: maembe mawili ya ngowe kutoka soko la Kibuye, nanasi nusu, kitunguu chekundu, dhania, pilipili moja, ndimu na chumvi. Utamu ulikuwepo, lakini baada ya saa moja bakuli lilikuwa supu! Mume wangu akaomba kijiko.

Je, chumvi na ndimu nitie wakati wa kupakua tu? Au embe lilikuwa limeiva mno? Na kitunguu, mnakiosha kwanza kwa maji ya chumvi?